Mwaka Tuliopika Tokboki

Sauti ya mwaka ule bado naijua: mguu wa kiti ukikwaruza sakafu. Kiti cha baba mkubwa kilikuwa cha chuma, mpira wa mguu mmoja ulikuwa umechomoka, na kila aliposimama kilipiga kelele kama kinachubuliwa ngozi. Noella alikuwa akitoka jikoni na sahani, anaiweka mezani mbele ya baba yake, na kabla vidole vyake havijaiachia ile sahani, krrr, baba mkubwa ameshasimama. Hakugomba. Alikwenda kukaa sebuleni na kutazama dirisha mpaka mama mkubwa ampelekee sahani nyingine, yenye chakula kilichopikwa na mkono mwingine. Bugali ule ule, sombe ile ile ya majani ya mihogo, samaki kutoka karai moja. Mkono tu ndio uliotofautiana.

Baba mkubwa tumemzika huko Columbus, baridi ikiwa inaisha na ardhi bado ngumu. Watu walitoka Louisville, wengine walitoka Dayton, na sisi wa Buffalo tuliendesha kwa zamu, mimi na Noella, na mwanawe Gracia amelala kiti cha nyuma. Nyumba ya matanga ilijaa kama zinavyojaa siku zote: magodoro yametandikwa chini kwa ajili ya akina mama, wanaume wako gereji na majaketi yao, sufuria za wali zinaingia kwa mlango wa nyuma bila mtu kuuliza zimetoka kwa nani. Kijana mmoja mhubiri, mwenye suti ya kupendeza na sauti ya kupendeza zaidi, alisimama kumsifu marehemu. Akasema, "Mzee huyu alikuwa na msimamo! Binti yake mwenyewe alipoanguka dhambini, mzee alikataa kula chakula cha mkono wake. Wazazi wa leo, nani kati yenu anaweza?" Watu wakasema amina. Noella alikuwa ameketi godoroni, bega kwa bega na mama yake. Hakuinua uso. Nilimwona anaangalia vidole vya miguu yake kama mtu anayesoma kitu kigumu.

Gracia anasikia Kiswahili vizuri kuliko tunavyodhani, ila anatujibu kwa Kiingereza tu. Tulipokuwa tunarudi, tukiwa tumeshapita Cleveland, aliuliza kutoka nyuma kama ni kweli babu hakumtaka alipokuwa tumboni. Noella alikaza mikono kwenye usukani. Kisha akasema, "Uliza tantine Sifa. Yeye alikuwa mu jiko." Sifa ni mimi, na kweli nilikuwepo. Lakini pale garini nilimwambia Gracia nitamwandikia. Basi naandika, hapa Riverside, mtaa wetu wa Buffalo, kwenye meza yangu karibu na dirisha, kwa Kiswahili changu cha shule kidogo. Mama yake atamsomea.

Mwaka ule tuliishi Louisville, upande wa South End, katika nyumba ya kupanga ambayo mtu akipiga chafya chumbani, aliye sebuleni anamwambia Mungu akubariki. Nilivyofika kuishi kwa baba mkubwa ni habari ndefu, haina kazi hapa. Mimi na Noella tulilala chumba kimoja, na tulifanya kazi ghala moja, kukunja nguo na kuzitia ndani ya maboksi. Mimi nilikuwa mtu wa ndoto. Nilikuwa nikikunja shati naona mgahawa wangu, wenye taa ndogondogo na vitambaa vya meza, na watu wa kila taifa wananiita Madame Sifa. Noella alikuwa anacheka mpaka msimamizi anageuka. Tukirudi nyumbani tulijifunika blanketi moja na kuangalia tamthilia za Kikorea kwenye simu yake iliyopasuka kioo. Kikorea hatukijui, na yale maandishi ya chini yalipita mbio kuliko Kiingereza chetu, kwa hiyo tulijitungia wenyewe wanachosema. "Huyu anamwambia mahari haijatosha," Noella alikuwa anasema. "Na huyu mama anasema, bon, rudisha ng'ombe zetu." Katika tamthilia hizo kila aliyevunjika moyo alikwenda kusimama kibandani, barabarani, na kula kitu chekundu, cha mviringo, kinachotoa moshi. Mimi nilisema ni soseji. Noella alisema ni mihogo. Tulibishana wiki nzima.

Halafu mimba ikaonekana. Kijana mwenyewe alikuwa wa Columbus, na siku alipoambiwa ndiyo siku simu yake iliacha kupokelewa. Kanisani kwetu jambo kama hilo lina utaratibu wake: jina lako linasomwa mbele ya watu, unatoka kwaya, hushiriki meza ya Bwana, unakaa benchi la nyuma mpaka utakaporudishwa. Baba mkubwa alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa ameshasoma majina ya mabinti wa watu wengine, na kila baba wa binti alishauriwa asile chakula cha mkono wa binti huyo mpaka siku ya kurudishwa, ili uchungu uonekane nyumbani pia. Wazee wenzake walitaka kumsitiri aibu, wakasema mwingine asome. Alikataa. Alisimama yeye, akasoma jina la Noella kwa sauti ile ile aliyosomea mengine, akakunja karatasi. Noella alihama kutoka safu ya soprano za mbele hadi benchi la nyuma, na viatu vyake vilisikika njia yote.

Chumba chetu kilipakana na chao, na chini ya dirisha kulikuwa na tundu la hewa ya joto lililoleta maneno yao kana kwamba tumekaa nao kitandani. Tukiwa tumelala kimya tulimsikia mama mkubwa: "Baba Noella, utakula mukono yangu tu mpaka wakati gani? Bega yangu iko inauma. Natoka kazi, napika mara mbili. Mutoto amepika, chakula iko pale, nzuri."

"Nilisema mbele ya watu."

"Watu! Watu wako kwao, wanakula!"

"Mama Noella, nilikatalia baba wa Esta kula kwa mutoto wake. Nilikatalia baba wa Jeanne, na ule mzee alilia mbele yangu. Donc wa kwangu ndiyo nitamuhurumia?"

Noella alinigeuzia mgongo, nikauona mgongo wake unapanda na kushuka. Mimi niliyekuwa na maneno ya kila mtu kwenye tamthilia nilimvutia tu blanketi juu.

Kule ghalani tulikuwa tunakula chumba kimoja chenye maikrowevu mbili na foleni ya watu wote wa dunia. Siku moja mama mmoja wa makamo, mfupi, mikono ya sweta yake imekunjwa hadi kwenye viwiko, alifungua kibakuli mezani mwetu. Ndani mlikuwa na mchuzi mwekundu, unang'aa. Noella alinishika paja. "Sifa! Wachina nao wanakula mawese!" Tuliwaita wote Wachina, kwa ujinga wetu, mpaka yule mama aliposema yeye ni wa Korea na jina lake ni Yun. Sisi tukamwita Madame Yun tangu hapo. Haikuwa mawese hata kidogo. Ilikuwa pilipili, na ndani ya pilipili kulikuwa na vile vitu vya mviringo vya kibandani, vyeupe vikiumwa, vinavyovutika kidogo kama fufu iliyopigwa vizuri. Aliona tumbo la Noella, akamsogezea kibakuli chote. Noella alikula kimoja. Akafumba macho. Tangu mimba ile ianze hakuna chakula kilichomkalia tumboni, alikuwa amebaki macho tu; lakini hicho kilikaa. "Tokboki," Madame Yun akasema, na Noella akarudia kwa heshima, kama jina la mtu.

Kwa Kiingereza chake kidogo na chetu kidogo alitufundisha: unga wa mchele, maji ya moto, kisha upige, na alipiga ngumi kwenye kiganja, upige, upige. Mchuzi wake unachemshwa na samaki wadogo wakavu. Alipochora wale samaki kwa kidole mezani tulitazamana. Ndagala! Madame Yun alipika na ndagala! Mwezi uliofuata aliacha kazi akahamia kwa mwanawe, jimbo jingine. Siku ya mwisho alimpa Noella kopo jekundu la rojo la pilipili, akamgusa tumbo na mkono wazi, akaenda zake.

Basi tamaa ikaanza. Noella hakutaka ndizi, hakutaka nyama, hakutaka hata machungwa. Alitaka tokboki. Mama mkubwa, ambaye hajawahi kuona kitu hicho, alikichukulia kama kazi ya Mungu. Kwa mama mkubwa tamaa ya mja mzito si ya kuchezea. Ukiinyima, alisema, mtoto anazaliwa mate yakimchuruzika, na watu wote watajua nyumba ile ilinyima. Alisema hivyo kwa sauti kubwa, kuelekea sebuleni.

Mara ya kwanza tulifanya kosa ambalo naamini Madame Yun asingelifikiria hata kwa kuota. Alisema upige, nasi kitu cha kupigia tulikuwa nacho: kinu cha sombe. Tukachemsha unga, tukautia kinuni, tukatwanga kwa zamu. Kinu kile kilikuwa kimekunywa majani ya mihogo kwa miaka. Ule unga mweupe ulitoka kijani, na ulinukia sombe kuliko sombe yenyewe. Mama mkubwa aliuangalia, akasema, "Bon. Iko nzuri kwa macho." Noella alikula kipande kimoja akakimbilia chooni. Tulicheka hadi machozi, kisha tukaacha kucheka, kwa sababu kule chooni alikuwa hatoki. Nilimkuta ameketi sakafuni, ameegemea beseni. Akaniambia, "Sifa, mutoto wangu atazaliwa mu nyumba kwenye babu yake anasimama kila mara mama yake anakuja. Atafikiri ndiyo salamu."

Mara ya pili ilikuwa Jumamosi, mchana. Mama mkubwa alisema hakuna kinu, tutasonga kwenye sufuria kama bugali, maji kidogo, moto mdogo, mpaka uvutike. Mimi nilikata ndagala vichwa. Noella alisimama kwenye moto wa pili na mchuzi wake: ndagala, kitunguu, sukari, rojo jekundu lote la Madame Yun, na pilipili zetu mbichi juu yake, maana alisema ile ya Korea ina sukari mno. Moshi uliotoka ulituingia puani kama sindano. Lakini unga wa mchele haufanani na wa mahindi. Ukikaza, unakaza kweli. Mama mkubwa alisonga kidogo, bega likamkatalia, akauachia mwiko. Nikaushika mimi, ulisimama katikati ya sufuria kama mti, na mimi ndiye nikawa ninazunguka. Noella akaja kunipokea, mama yake akapiga kelele: "Weye! Na ile tumbo? Toka!"

"Mama, inaungua."

"Iungue! Toka pale!"

Sikusikia kiti. Nilichoona ni mlango kujaa mtu. Baba mkubwa alisimama pale akiwa amevaa shati la kazi, maana zamu yake ilianza saa za jioni. Akauliza, bila kumtazama yeyote, "Nani anapika ndagala na sukari?"

Harufu ya kuungua ilikuwa imeanza. Alivua saa yake, akaiweka juu ya friji, akakunja mikono ya shati. Alinisogeza kwa kiwiko, akaushika mwiko kwa mikono miwili.

"Yesu," mama mkubwa akasema. "Mzee wa kanisa anasonga bugali. Sifa, funga mulango, majirani wasione."

"Mutoto hakufanya kosa," baba mkubwa akasema, akisonga. "Mate haitatoka mutoto wa mu nyumba yangu."

Alisonga kama mtu anayeng'oa kisiki. Mwanamume yule hajawahi kusimama mbele ya sufuria tangu nimjue. Hakujua kushika sufuria kwa mguu wala kwa kitambaa, kwa hiyo sufuria ilimfuata jikoni huku na huku, na mama mkubwa akaifuata sufuria, akiishika masikio, akimwambia geuza, bonyeza, haiko hivyo, uko unalima ama unapika? Jasho lilimtoka. Unga ukaanza kung'aa. Ukavutika. Mama mkubwa na mimi tukapaka mafuta mikononi, tukaviringisha vipande mezani, virefu, vinene kama kidole, tukavikata, na Noella akavitumbukiza kwenye mchuzi wake. Alikuwa akifanya kazi ameligeukia jiko, mgongo kwa baba yake. Kulikuwa na kukohoa tu.

Sasa, mwanamke wa kwetu anapopika hawezi kuonja kwa kijiko akakirudisha sufuriani. Anadondoshea kiganjani. Na walio karibu naye jikoni wananyoosha viganja, anadondoshea kila mmoja, wanalamba, wanasema chumvi, au wanasema iko sawa. Hakuna anayefikiri. Noella alichota mchuzi, akadondoshea kiganja cha mama yake. Akadondoshea changu. Kikatokea kiganja cha tatu, kikubwa, chekundu kwa mwiko, na Noella akakidondoshea vilevile, macho yake yakiwa sufuriani.

Baba mkubwa akalamba.

"Chumvi," akasema.

Nadhani ni sauti ile iliyomgeuza Noella. Aliangalia kiganja. Akaangalia uso. Kijiko kilikuwa bado hewani na mchuzi ulidondoka kwenye kiatu chake, hakujali. Nilimwona baba mkubwa anaelewa alichofanya. Kilimfikia usoni polepole, kama maji yanavyopanda kwenye nguo. Nilijua kwamba akitoka sasa, akienda sebuleni, Noella hatapika tena katika nyumba ile, na pengine hatakaa tena katika nyumba ile.

Mama mkubwa ndiye aliyemfungulia njia. Alisema taratibu, "Baba Noella, ulionja tu. Kuonja haiko kula. Hakuna mutu atasema ulikula."

Baba mkubwa alikitazama kiganja chake, bado kiko wazi. Kisha akasema, "Nimemeza, Mama Noella. Kitu nimemeza, nitasema sikula?" Akamgeukia binti yake, mara ya kwanza tangu siku ile ya karatasi. "Tia chumvi. Halafu unipe sahani."

Gracia, watu wa Columbus walisikia nusu ya habari. Jumapili iliyofuata babu yako aliwaambia wazee wenzake kwamba ameshakula, hakusubiri binti yake arudishwe, wafanye watakavyofanya. Wakampumzisha. Hakuwa mzee wa kanisa tena, pale wala kokote. Kabla hawajahamia Columbus alikwenda nyumbani kwa baba wa Esta, na kwa yule baba wa Jeanne, nami nilimsindikiza hadi mlangoni kwa Jeanne. Alichosema ndani sikukisikia, nilisikia tu wazee wawili wakipiga makofi ya mshangao na baadaye kikombe kikiwekwa mezani. Hakuwahi kuisimulia hadharani. Kwa hiyo iliyobaki mdomoni mwa watu ni ile ya kwanza, ya msimamo, na mhubiri yule kijana aliipata hivyo na kuivalia suti. Simlaumu. Ila wewe usiichukue.

Siku ile tulikaa mezani wanne, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu jina la Noella lisomwe. Tokboki yetu haikufanana na ya Madame Yun: nyingine nene, nyingine bapa, na zote zilinukia Ziwa Tanganyika. Noella alikula sahani mbili, akaomba ya tatu, na chakula kilikaa. Pilipili ilikuwa kali mno, sisi wanawake tulikuwa tunafuta pua na kucheka. Baba mkubwa alikula kimya, ameinama, kipande baada ya kipande. Halafu nikaona tone linaanguka kwenye sahani yake, na jingine.

Noella aliona pia. "Papa?"

"Pilipili," akasema. "Hii pilipili ya Wakorea."

Mtu huyo alikuwa akila pilipili mbichi na bugali kama wengine wanavyokula karanga. Mimi nilisimama, nikachukua jagi kama naenda kuongeza maji, nikaingia jikoni peke yangu. Mama mkubwa alikuwa amelipandisha dirisha la juu ya sinki, hewa baridi inaingia na moshi wote ule wa pilipili unatoka nje kwa raha zake; muda si mrefu nyumba ingekuwa safi, na hakuna jicho ambalo lingekuwa na sababu ya kutoa machozi. Nililishusha dirisha polepole, lisitoe sauti, nikageuza kufuli.